Diski ya sita haitaokoa kumbukumbu za ushirika

Kila msimu unapofunguliwa, baadhi ya vyama vya msingi hununua diski nyingine ya nje na kuichomeka kwenye kompyuta ileile ya ofisi. Msimu uliopita una diski yake, wa juzi una yake, na mikopo ya pembejeo ina flashi yake. Karani huona amejipanga. Kwa hesabu zangu, hiyo ni gharama isiyo na faida.

Kompyuta ina ukomo wa diski inazoweza kubeba, ila ukomo huo hauko pale wengi wanapodhani. Kwa kanuni za USB, kidhibiti kimoja hupokea hadi vifaa 127, kibodi na kipanya vikiwemo. Windows nayo huzipa diski herufi za A hadi Z, yaani 26, na A na B ziliwekwa kwa ajili ya zile disketi za zamani. Ofisi ya chama haifiki huko. Hukwama mapema, kwenye umeme. Tundu la USB 2.0 hutoa miliampia 500, la USB 3.0 miliampia 900, na diski yenye sahani inayozunguka huweza kuhitaji zaidi ya 500 inapoanza kuwaka. Kile kipande cha kuongeza matundu, kama hakina adapta yake ya umeme, hugawa tu kilichotoka kwenye tundu moja. Hapo diski huonekana na kupotea, faili likaharibika katikati ya kuandikwa. Anayelaumiwa ni fundi!

Kwa mkulima, faili hilo ni kilo zake. Chama kinapotoa malipo ya pili, hukokotoa kwa kilo zilizopimwa, na stakabadhi ikishaliwa na mchwa, ushahidi uliobaki ni wa ofisini. Radi ikipiga, diski zote zilizochomekwa zaweza kuungua kwa pamoja.

Nashauri zinunuliwe mbili tu, kila moja ikitosha misimu yote. Ya pili inakiliwe kila Ijumaa, ichomolewe na kufungiwa katika jengo jingine. Mwenye duka la pembejeo afanye vivyo hivyo. Bodi itasema hakuna fungu. Mbona la flashi za kila msimu lipo? Kwenye mkutano mkuu ujao, omba uoneshwe kilo zako za mwaka juzi kutoka kwenye diski isiyolala pamoja na kompyuta.