Usibomoe Ua kwa Sababu ya Lango Moja

Desemba iliyopita mpwa wangu, anayesomea kompyuta huko Kitui, alinipigia simu akiwa karibu kulia. Alikuwa amewatengenezea wakulima wa kijiji kimoja cha Makueni tovuti ya kuuzia maembe. Maembe yakishaiva hayamsubiri mtu. Lakini kila mnunuzi wa Nairobi aliyefungua ukurasa ule alikutana na ujumbe namba 403: huna ruhusa ya kuingia.

"Mjomba, rafiki yangu asema niandike chmod 777 kwenye folda zote, mambo yaishe."

"Ngoja kwanza, mwanangu," nikamjibu.

Hebu fikiria boma la Ukambani. Kuna lango la nje, kuna ua, kisha nyumba. Hata nyumba ikiwa wazi, mgeni hatafika mlangoni ikiwa lango la nje limefungwa. Seva nayo ni vivyo hivyo. Kila folda iliyo njiani ni lango, na programu inayotoa kurasa lazima iruhusiwe kupita yote.

Ruhusa hizo huandikwa kwa tarakimu tatu: ya kwanza ni ya mwenye mali, ya pili ya kikundi chake, ya tatu ya watu wengine wote. Kusoma ni 4, kuandika ni 2, na kupita ni 1, unajumlisha tu. Kwa hivyo folda za tovuti hupewa 755: mwenyewe afanye yote, wengine wasome na kupita. Faili za kurasa hupewa 644. Lakini 777 humruhusu yeyote mwenye akaunti katika mashine ile kuongeza na kufuta atakavyo. Huko ni kubomoa ua mzima kwa sababu lango moja limekwama. Fisi akiingia, utamlaumu nani?

Tuliandika amri namei -l, ikifuatwa na njia nzima ya ukurasa, tukaona ruhusa za kila folda. Kumbe kurasa zilikuwa ndani ya folda yake ya nyumbani, na mfumo wa Ubuntu, tangu toleo la 21.04 la mwaka 2021, huzifunga folda hizo kwa 750. Tukazihamishia kurasa hizo /var/www, tukaweka 755 na 644, naye mnunuzi wa kwanza akaingia kabla ya chai ya saa kumi.

Folda ya nyumbani tuliiacha imefungwa. Ndani yake mlikuwa na orodha ya wakulima, nambari zao za simu na za vitambulisho, mambo ambayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yataka yahifadhiwe vyema.

Basi nawe, kijana, ukikatazwa kupita, tafuta kwanza ni lango gani lililofungwa, na ni kwa nini. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Tukutane Jumapili ijayo, inshallah.