Nyumba mpya zisikose baraza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nitoe maoni yangu juu ya nyumba tunazojenga hapa Dutwa, Bariadi.

Zamani kaya nyingi za Kisukuma zilikuwa na shikome, mahali pa kuotea moto jioni, wazee wakiwafunza vijana. Siku hizi mtu akiuza pamba anajenga nyumba ya matofali na bati, anatia nondo madirishani, lakini nje hakuna pa kukaa. Jirani akija, ama aingie hadi sebuleni, ama asimame juani kama mdai.

Wenzetu wa Iran waliliona hili zamani. Kwenye nyumba za kale za mji wa Yazd, ulioko jangwani, kando ya mlango wa nje kuna viti viwili vya kujengea, wazee wakae wazungumze. Ndani, sehemu ya wageni (biruni) imetengwa na ya familia (andaruni), hivyo mgeni hapokelewi kwa kuwasumbua wenyeji. Baraza za Mji Mkongwe, Unguja, hufanya kazi hiyo hiyo ya mlangoni.

Nawaomba mafundi wetu waongeze baraza ya tofali chini ya upenuo wa paa. Tofali zake si nyingi. Hata maduka mapya ya senta yawe nazo, maana akina mama wanaongoja basi hukaa chini vumbini.

Msomaji wako,
Dutwa, Bariadi.