Rasimu ya kwanza iwe ya Kiswahili

Kila mwaka, tarehe ya mwisho ya kuwasilisha ripoti za utafiti inapokaribia, vibanda vya steshenari vilivyo jirani na vyuo vikuu vyetu hupata kazi mbili. Ya kwanza ni kuchapa na kujalidi. Ya pili haina bango: ni kumtafutia mwanafunzi mtu wa kuinyoosha lugha, na mara nyingine mtu wa kuiandika kazi yenyewe kuanzia sura ya kwanza mpaka marejeo. Wahadhiri wanalijua soko hili, na maelezo yao huwa mafupi: vijana wa siku hizi wavivu, Kiingereza chao kibovu, wamezoea madesa. Nusu ya maelezo hayo naikubali, maana uvivu upo. Lakini soko lisilokauka mwaka hata mwaka halisimami kwa uvivu peke yake. Linasimama juu ya hitaji ambalo chuo hakijalihudumia. Ninachodai ni kwamba chuo kikuu chenye wanafunzi wa lugha mbili au tatu kinapaswa kuwaruhusu, tena kuwafundisha, kuzitumia zote katika kazi ya kuandika, hata kama nakala ya mwisho itabaki ya Kiingereza.

Tuanze na hesabu. Tangu 1967 shule za msingi za serikali nchini Tanzania zinafundisha kwa Kiswahili, na mtoto akiingia kidato cha kwanza karibu masomo yote yanageuka kuwa ya Kiingereza. Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd walipima usomaji wa Kiingereza wa wanafunzi wa Tanzania katika ngazi mbalimbali. Kwa upande wa chuo kikuu, walioweza kusoma bila taabu hata vitabu vyepesi vya masomo yao hawakufika asilimia 20 ya waliopimwa. Wengi wakiisikia takwimu hiyo huhitimisha kwamba Kiingereza kifundishwe zaidi. Sawa, kifundishwe. Ila Jim Cummins, aliyechunguza watoto wa wahamiaji nchini Kanada, alionyesha kwamba mtoto anaweza kupiga soga kwa lugha mpya baada ya miaka miwili hivi, ilhali lugha ya kitaaluma humchukua mitano hadi saba kabla hajamfikia mwenzake mzawa. Na mtoto wa Toronto anakisikia Kiingereza dukani, kwenye basi na kwenye televisheni. Mtoto wa Kahama ana miaka sita ya sekondari, na akitoka darasani anapokewa na Kiswahili na Kisukuma. Akifika chuoni anapewa kozi ya stadi za mawasiliano katika mwaka wa kwanza, ukumbi umefurika, kisha anahesabiwa kuwa ameshaandaliwa.

Kinachopotea katika mpango huu si sarufi tu. Chukua mfano wa mwanafunzi wa sosholojia anayeandika juu ya VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa. Muulize kwa Kiswahili amegundua nini, atakwambia kwamba mama mmoja anakopa kikundi hiki ili arejeshe kile, kwamba anayechelewesha rejesho hafuatwi kwenye kikao bali nyumbani kwake, na kwamba kikundi kinachosifiwa kwa marejesho mazuri ndicho chenye wanachama waliouza vyombo vya ndani. Hapo pana utafiti: pana dai, pana ushahidi, pana hata shaka juu ya takwimu rasmi. Sasa fungua sura yake ya nne. Utakuta mikopo midogo ina mchango mkubwa katika maendeleo ya wanawake, utakuta changamoto mbalimbali, utakuta pendekezo kwamba serikali itoe elimu. Yule mama aliyeuza kabati hayumo. Hakuna aliyemfuta; mwandishi alikosa sentensi za kumbeba, akaazima zilizo tayari, na sentensi ya kuazima huja na mawazo ya mwenyewe.

Halafu kazi inakwenda kwa msahihishaji, wino mwekundu unaanza. Mina Shaughnessy, mwalimu wa New York, alikutana na hali inayofanana na hii baada ya chuo kikuu cha jiji hilo kufungua milango mwaka 1970 kwa vijana ambao zamani kisingewapokea. Alisoma insha zao zipatazo 4,000, na katika kitabu alichokitoa 1977 alionyesha kwamba makosa yao hayakuwa ya ovyo. Yalikuwa na mantiki yake, na mwalimu aliyeijua mantiki hiyo aliweza kuyafundisha. Kwetu mantiki hiyo haihitaji darubini. Kiswahili hakitenganishi mwanamume na mwanamke katika nafsi ya tatu, basi “he” na “she” zitapishana ukurasa mzima. Aliyezoea kusema “ingawa mvua ilinyesha, lakini tulikwenda” ataweka “although” na “but” katika sentensi moja na kuona amefanya jambo la adabu kabisa. Mhadhiri anayejua Kiswahili kama yeye anaweza kulieleza kosa hilo kwa dakika mbili. Badala yake analizungushia duara, anakata alama, kisha anakata tena kwa sababu hoja haikueleweka. Kosa moja, adhabu mbili.

Tiba ninayoipendekeza ni ya bei ndogo. Kabla ya kupokea pendekezo la utafiti la Kiingereza, msimamizi amtake mwanafunzi alete nusu ukurasa wa Kiswahili wenye majibu ya maswali matatu: nadai nini, nimejuaje, na nani atanipinga kwa lipi. Nusu ukurasa huo unasomwa kwa dakika tano na unaonyesha mara moja kama tatizo ni wazo au ni lugha, jambo ambalo kurasa 40 za Kiingereza cha kuazima haziwezi kuonyesha. Rasimu ya kwanza ya Kiingereza ihojiwe kwa hoja yake tu. Sarufi ingoje ya pili, na ipewe alama zake peke yake ili kila mtu ajue kilichopimwa. Tena kazi hii ifanywe ndani ya idara, maana mwalimu wa stadi za mawasiliano hawezi kumfundisha mwanafunzi wa uhandisi jinsi wahandisi wanavyobishana. Chuo Kikuu cha Cape Town kina kituo cha uandishi tangu miaka ya 1990, ambako wanafunzi wa shahada za juu kutoka taaluma tofauti huketi na mwandishi na rasimu yake mezani. Chuo Kikuu cha Limpopo kilikwenda mbali zaidi: mwaka 2003 kilianzisha shahada ya kwanza ambayo sehemu ya masomo yake yanafundishwa kwa Kiingereza na sehemu kwa Kisotho cha Kaskazini, lugha yenye wasemaji wachache mno ukiilinganisha na Kiswahili.

Nitaambiwa Kiswahili hakina istilahi. Hoja hii imechakaa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wapo walioandika tasnifu za uzamivu kwa Kiswahili. Isitoshe, rasimu haidai istilahi kamilifu. Mwanafunzi aandike “photosynthesis” katikati ya sentensi ya Kiswahili akitaka, mradi sentensi iseme kitu. Pingamizi lenye uzito zaidi ni la yule ambaye Kiswahili kwake ni lugha ya pili au ya tatu, kama Mganda aliyekuja kusoma Dar es Salaam au kijana wa Kimaasai aliyejifunza Kiswahili shuleni. Kumlazimisha Kiswahili kungekuwa kumwonea upya. Ndiyo maana nusu ukurasa ule uwe wa lugha anayoimudu yeye, Kiingereza kikiwemo, na msimamizi akisikilize kwa mdomo asichoweza kukisoma. Kuhusu wingi wa wanafunzi na uhaba wa muda, wahadhiri wana haki ya kulalamika. Lakini muda tayari unatumika, unatumika mwishoni, kurudisha kazi mara tatu huku kila mara msimamizi akiandika “si wazi” pembeni.

Wengine wanaona dawa ni kubana: programu za kukagua wizi wa maandishi, na sasa za kumnasa aliyeandikiwa na akili mnemba. Wangetazama kwanza utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford wa 2023. Programu saba za aina hiyo zilipewa insha 91 za mtihani wa Kiingereza, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo zilitangazwa kuwa kazi ya mashine, kwa sababu mwenye msamiati mdogo huandika kwa maneno yanayotabirika. Mtego wa namna hiyo ukitegwa kwetu utamwacha tajiri aliyenunua kazi safi na kumnasa maskini aliyejikongoja mwenyewe.

Limebaki lile la ajira, kwamba dunia ya kazi inataka Kiingereza. Inakitaka, na rasimu ya Kiswahili imekusudiwa kumfikisha mwanafunzi huko. Ila inataka na kingine. Mwaka 2021 sheria ya Tanzania ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, Kiingereza kikaachiwa nafasi pale haki inapokihitaji. Kijana anayesomea sheria leo anasoma hukumu za zamani kwa Kiingereza na kujibu mtihani kwa Kiingereza, kisha atasimama mbele ya hakimu kujenga hoja kwa Kiswahili, huku mteja wake ameketi nyuma anasikiliza kila neno. Kazi yake yote itakuwa kuvusha hoja kutoka lugha moja kwenda nyingine na kurudi nayo bila kuimwaga njiani. Nusu ukurasa ule ungekuwa zoezi lake la kwanza.