TAHARIRI: Diwani wa kura, mkurugenzi wa barua

Kaa kijiweni Buhare nusu saa tu. Utasikia vijana wakimchambua Rais, wabunge na hata kocha wa Yanga. Waulize diwani wao alisema nini kwenye bajeti ya Manispaa ya Musoma. Kimya!

Kimya hicho ni ulaji wa watu. Ushuru wa soko na ada ya taka hupitia Baraza la Madiwani. Sheria inataka asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ikopeshwe bila riba, na asilimia 4 kati ya hizo ni za vijana. Fedha zako hizo, ndugu yangu!

Nani wamo barazani? Kila kata ina diwani mmoja wa kupigiwa kura. Wapo wanawake wa viti maalumu kutoka vyama, na mbunge naye ana kiti. Meya huchaguliwa na madiwani wenyewe. Lakini mwenye kalamu na hundi ni mkurugenzi, katibu wa baraza. Huyo hakupigiwa kura Buhare wala Mwigobero. Ameteuliwa na Rais.

Musoma tumeshaonja. Mwaka 2010 jimbo lilimpeleka bungeni Vincent Nyerere wa CHADEMA, na meya akatoka chama hicho. Meya akabadilika, barua ya uteuzi wa mkurugenzi ikabaki ya Ikulu. Mwaka 2015 jimbo likarudi CCM.

Ajabu nyingine: wakurugenzi hao hao ndio waliosimamia uchaguzi. Bob Chacha Wangwe, mtoto wa marehemu Chacha Wangwe wa Tarime, alikwenda mahakamani. Mei 2019 Mahakama Kuu ikampa ushindi. Oktoba mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikautengua.

Uchaguzi wa mitaa wa 2019 na 2024 ulisimamiwa na TAMISEMI, iliyokuwa wakati huo Ofisi ya Rais. Mara zote mbili CCM ilitangazwa kuzoa zaidi ya asilimia 98. Oktoba 2025 CHADEMA haikuwamo kabisa kwenye karatasi ya kura. Refa akilipwa na timu moja, mpira wa nini?

Wapo wanaosema mkurugenzi akiajiriwa na madiwani watamfanya kibaraka wao. Hoja hiyo ina uzito. Dawa yake ni usaili wa wazi: mwenye sifa aombe, baraza limthibitishe, na limwondoe kwa sababu zilizoandikwa. Na msimamizi wa uchaguzi asiwe mtumishi wa mgombea yeyote.

Hayo yatachukua muda. La leo ni hili: vikao vya Baraza la Madiwani ni vya wazi. Kijana wa Buhare, kikao kijacho nenda ukakae. Uliza fungu la vijana liko wapi, nani kakopeshwa. Wakikuona mmoja watacheka. Wakiwaona hamsini, watafungua makabrasha.