Kompyuta za wanafunzi zije na fundi wake

Shule zikifungwa tu, kibandani kwangu Mwanjelwa hapa Mbeya huanza kumiminika walimu na vishikwambi vya serikali, vile vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022 kisha wakagawiwa wao. "Fundi, hiki kinawaka kinazima." Nafungua, nakuta betri imevimba kama andazi. Kingine kioo kimepasuka, kingine tundu la chaja limelegea kwa kuchomekwa chaja yoyote iliyopatikana. Wanaotoka Rungwe huleta vilivyoungua. Kule radi hazina msimu, na umeme ukikatika hurudi kwa kishindo.

Mwalimu hulipa kutoka mfukoni mwake. Asipokuwa nayo, kifaa kinarudi kabatini.

Sasa wapo wanaotaka kila mwanafunzi apewe kompyuta mpakato. Sipingi. Mdogo wangu anafundisha Kilolo, Iringa, na wanafunzi wake wanaijua kibodi kwa mchoro wa ubaoni. Ninachouliza ni nani atazitengeneza.

Wakenya walitutangulia. Mwaka 2013 muungano wa kisiasa wa Jubilee uliwaahidi watoto wa darasa la kwanza kompyuta mpakato. Zabuni ya kwanza ikafutwa, na vifaa vilipoanza kufika shuleni mwaka 2016 vilikuwa vishikwambi. Viligawiwa zaidi ya milioni moja, na magazeti ya huko hayakuchoka kuandika habari za vilivyofungiwa stoo au kuibwa.

Huku kwetu ruzuku ya shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Mimi kubadilisha kioo cha kishikwambi natoza 60,000, na hapo nimempunguzia mwalimu. Kioo kimoja kimemeza ruzuku ya watoto sita, chaki bado hazijanunuliwa.

Mtasema mwamba ngoma huvutia kwake. Ni kweli, navutia. Lakini kazi hii si lazima nipewe mimi: wapo vijana wanaomaliza VETA Mbeya na VETA Iringa, mikono yao mizuri kwenye solda, wanaishia kuuza kava za simu stendi. Kata moja ikimwajiri mmoja, akapewa vipuri na pikipiki, shule zote za kata zitahudumiwa.

Mwaka wa fedha unaanza Julai. Madiwani wa Mbeya na Iringa, kabla ya kuuliza zinakuja kompyuta ngapi, ulizeni kifungu cha matengenezo kina shilingi ngapi. Kama hakina kitu, ombeni vitabu.