Mwavuli Haujaribiwi Dukani

Kijana mmoja niliyepata kumfundisha Fizikia alinikuta hivi karibuni nimeketi katika duka la shemeji yangu, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Baada ya shikamoo na marahaba akanieleza kwamba amepata nafasi ya masomo ya juu nchini Ujerumani. Nilidhani ataniuliza habari za baridi, au za profesa wake mpya. La hasha. Alitoa karatasi aliyoandika majina ya shule sita za Ulaya na Marekani zifundishazo kuruka kwa mwavuli kutoka katika ndege. Mbele ya kila jina paliandikwa bei, na shule yenye bei ndogo kuliko zote alikwisha kuipigia mstari.

"Mwalimu, nimechagua vema?"

Huenda msomaji akaona kwamba jambo hili ni anasa, tena halituhusu. Vijana wetu wanaosoma nchi za nje huvutwa na mchezo huu kila mwaka, na mimi nilikuwa mmoja wao nilipokuwa Uingereza nikitafuta shahada ya udaktari. Tena swali la kijana yule ni swali la sayansi kabisa, kwani lahusu namna ya kuchagua kitu ambacho mnunuzi hawezi kukijaribu kabla ya kukitegemea.

Tuanze na hesabu, ambayo mwanafunzi yeyote wa kidato cha tano aweza kuifuata. Tuseme mrukaji pamoja na vifaa vyake ana kilo 80. Dunia humvuta kwa kani ya niutoni 784 hivi. Hewa nayo humkinza, na ukinzani huo huongezeka kwa kipeo cha pili cha velositi yake. Tukichukua densiti ya hewa kuwa kilo 1 kwa mita ya ujazo, ambayo ndiyo hali ya hewa katika kimo cha mita 2,000 hivi, na tukikisia kuwa eneo la mwili uliolala kifudifudi likizidishwa kwa kizidishi cha umbo hutoa mita za mraba 0.5, basi kani hizo mbili hulingana mrukaji afikapo mita 56 kwa sekunde. Hizo ni kilomita 200 kwa saa. Hapo mchapuko hukoma, naye huendelea kushuka kwa mwendo huo. Sasa tuseme yuko mita 1,500 juu ya ardhi na mwavuli wake haujafunguka. Amebakiwa na sekunde 27, muda ambao abiria wa daladala huutumia kutafuta nauli mfukoni.

Ndani ya sekunde hizo hapana kurudi dukani.

Sisi tuliokulia Kariakoo tuna elimu yetu ya kununua, nami siidharau. Redio huwashwa kwanza, ndipo bei ijadiliwe. Kitenge hukunjuliwa, kikashikwa, kikaangaliwa kwenye mwanga. Anayenunua bila kujaribu huchekwa hadi Msimbazi. Walakini elimu hiyo ina mpaka. Soko letu kuu, lililofunguliwa mwaka 1975, lilisanifiwa na Beda Amuli kwa paa la miavuli mikubwa ya zege. Nani kati yetu aliwahi kuijaribu miavuli ile kabla ya kusimama chini yake kuchagua nyanya? Tuliwaamini waliopiga hesabu na waliokagua. Na tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa lilipoporomoka hapa hapa Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20, waliokuwamo walikuwa wamekagua bidhaa za madukani kwa uhodari wote. Nguzo haikuwa bidhaa ya kukaguliwa na mteja.

Mwavuli ni wa jamii ya nguzo. Mwanafunzi hawezi kuujaribu, wala hana ujuzi wa kuukagua. Awezalo ni kuzisoma kumbukumbu za wale wanaoukagua. Katika mfuko wa mgongoni huwamo miavuli miwili, mkuu na wa akiba. Nchini Marekani sheria hudai ule wa akiba ufunguliwe, ukaguliwe na kukunjwa upya na fundi mwenye cheti kila siku 180, naye huandika tarehe na kutia saini yake katika kadi. Kadi hiyo huonyeshwa kwa anayeiomba. Kijana wangu alikuwa na bei za shule sita, lakini hapana hata moja aliyoiuliza habari za kadi.

Vivyo hivyo yafaa kuuliza habari za kile chombo kidogo kipimacho kanieneo ya hewa na kuufungua mwavuli wa akiba chenyewe, iwapo mrukaji amezimia au amechanganyikiwa. Aina iliyoenea sana, iliyobuniwa Ujerumani na kuanza kuuzwa mwaka 1991, hukata kamba ya kufungia mfuko wa akiba iwapo mtu angali akianguka kwa zaidi ya mita 35 kwa sekunde anapofikia mita 225 hivi juu ya ardhi. Ile ya wanafunzi huwahi zaidi, hata kwa mwendo mdogo. Shule isemayo kwamba chombo hiki ni cha waoga ni ya kuagwa kwa adabu.

Nilijifunza haya kwa gharama. Mimi pia nilichagua kwa bei, katika shule ambayo sitaitaja, nchi niliyokwenda kwa likizo. Mchana mmoja upepo uliongezeka. Niliwaona wakufunzi wakiutazama mfuko wa upepo, kisha wakiitazama foleni ya wateja waliokwisha kulipa, kisha wakatupakia. Mwavuli wa mwanafunzi husonga mbele kwa kilomita 30 hivi kwa saa. Ukielekea upepo wa kilomita 20, ardhi utaijia kwa kilomita 10, mwendo wa mtu anayekimbia taratibu. Upepo ukifika 40, utatua kinyumenyume. Mimi nilitua katika shamba lililolimwa, nikaburutwa. Mwenzangu kutoka Ghana alivunjika kifundo cha mguu, akakosa nusu muhula.

Shule ya pili niliyokwenda ilituketisha kwenye benchi siku mbili bila kuruka hata mara moja, kwa upepo ambao kwa macho yangu ulikuwa wa kawaida. Nilinung'unika sana kwa ajili ya fedha za malazi. Baadaye nilisoma kwamba chama cha warukaji cha Marekani huwawekea wanafunzi kikomo cha upepo cha maili 14 kwa saa, yaani kilomita 22 na ushei. Tangu hapo, nikitaka kuipima shule, huuliza ni lini mara ya mwisho iliwazuia wateja waliokwisha kulipa, na kwa sababu gani. Jibu la swali hili lina thamani kuliko picha zote za kipeperushi.

Hali ya anga ya nchi yahusika pia, tena kuliko wengi wadhanivyo. Leseni ya kwanza ya chama hicho cha Marekani hudai miruko isiyopungua 25. Kaskazini mwa Uingereza, ambako mwezi Desemba mchana hauzidi saa nane na mawingu hayabanduki, niliona wenzangu wakiimaliza kwa mwaka mzima, mruko mmoja leo, mwingine baada ya wiki tano, na kila mara mikono imekwisha kusahau. Heri kuweka akiba, kisha kwenda wiki tatu mfululizo mahali pakavu kama Arizona au pwani ya Uhispania. Hewa nayo si moja. Katika kimo cha Nairobi ni nyembamba kuliko ya pwani, na mwavuli ule ule hutua kwa mwendo uliozidi kwa karibu sehemu moja ya kumi. Aliyezoea kutua pwani na aarifiwe kabla hajapanda bara.

Lipo na jambo la lugha, ambalo walimu wenzangu watalielewa upesi. Mwanafunzi akiwa chini ya mwavuli huelekezwa kwa redio iliyo katika kofia yake: kushoto, kulia, vuta yote. Kijana wangu ana miezi minne tu ya Kijerumani. Nilimwambia asubiri, au atafute mkufunzi wa Kiingereza, au akumbuke kwamba Diani, upande wa pili wa mpaka wetu, hufundishwa mchezo huu, na basi la Dar es Salaam kwenda Mombasa hupita Ukunda, jirani kabisa. Kumweleza mkufunzi kwa Kiswahili kwamba hujaelewa ni usalama usioandikwa katika bei. Ila huko bahari i karibu, na lazima aulize boti ya uokozi iko wapi.

Aliandika yote nyuma ya karatasi yake, akaifuta ile alama ya mstari. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama mama yake ajulishwe. Mama huyo huuza khanga Mtaa wa Kongo, na sehemu ya fedha za safari ni zake. Nilimjibu kwamba amjulishe kabla ya kulipa chochote, wala si baada ya kurudi na picha.

Tulikwenda pamoja. Mama alisikiliza huku akipanga doti zake, hakukatiza neno. Tulipomaliza alimtazama mwanawe, akauliza:

"Huo mwavuli anaukunja nani?"