Bunia: Tumsifu Ali, lakini Foreman naye tusimusahau

Mpenzi wa bokisi wa Bunia hahitaji kutafsiriwa maneno "Ali, boma ye". Ni Lingala: Ali, muue! Ndivyo mashabiki walivyopiga kelele Kinshasa alfajiri ya tarehe 30 Oktoba 1974, katika uwanja unaoitwa leo Tata Raphaël.

Muhammad Ali, mwenye miaka 32, aliegemea kamba na kuvumilia makonde ya George Foreman, bingwa wa miaka 25 ambaye hakuwa ameshindwa hata mara moja. Katika raundi ya nane, Foreman akiwa amechoka, Ali akamwangusha. Furaha ya mashabiki ilikuwa ya haki: aliyedhaniwa amekwisha ndiye aliyeshinda.

Lakini Ituri, jimbo lililowekwa chini ya utawala wa kijeshi mwaka 2021 kwa sababu ya mauaji, inajua uzito wa neno "muue". Ulingoni, kengele ikilia, vita vimekwisha. Vijijini hakuna kengele.

Kwa hiyo vijana wa Bunia wanaosifu usiku ule wasimuache Foreman pale chini. Alisimama. Mwaka 1994, akiwa na miaka 45, alimwangusha Michael Moorer katika raundi ya kumi, akawa bingwa tena. Na Ali, adui wake wa Kinshasa, alikuwa amekuwa rafiki yake.

Kumushangilia anayeangusha ni rahisi. Ituri inahitaji zaidi wanaosimama tena, na wanaopatana na waliowaangusha.